Malale na Dhamana ya Mganga

Katika historia ya nchi zetu yamo madhara yaliyoletwa na watu wenye nia mbaya, na hayo hayatusumbui sana kuyaeleza. Mtu aliyekuja na bunduki, akatoza kodi na kuchapa viboko, alijulikana tangu siku ya kwanza kuwa ni nani na anataka nini. Madhara yanayotutatiza ni yale yaliyotoka katika mikono iliyokuja kuponya. Hayo hayakusimuliwa sana, kwa kuwa walioyatenda walikuwa watu wa heshima, na kwa kuwa hata walioumizwa hawakuwa na hakika wamlaumu nani. Twataka kueleza hapa habari moja ya namna hiyo, nayo ni habari ya ugonjwa wa malale katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria na kwingineko katika karne ya 20, na ya wataalamu waliokuja kuupiga vita. Neno mganga tunalitumia kwa maana yake pana, kama lilivyotumika zamani kwa daktari wa hospitali na kwa mtu wa mizizi vilevile, kwani swali tunalolifuatia ni lile lile kwa wote wawili: mtu aliyekabidhiwa mwili wa mwenzake anawajibika kwake kwa kiasi gani?

Malale huletwa na kijidudu kidogo mno kiishicho katika damu, ambacho mbung'o hukichukua kutoka kwa mtu au mnyama na kumtia mtu mwingine. Mgonjwa huanza kwa homa za hapa na pale na kuvimba tezi za shingo. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo. Hapo mtu husinzia mchana na kukesha usiku, hukonda, hupotewa na akili, na asipotibiwa hufa. Ugonjwa huu una namna mbili. Ile ya magharibi huenda polepole, na mtu aweza kukaa nayo kwa miaka. Ile ya mashariki, ambayo ndiyo ya kwetu Tanzania, huua kwa majuma au miezi. Mbung'o nao si wa aina moja. Wako wapendao kivuli cha miti ya ufukoni, na wako wa nyikani, wakaao katika vichaka pamoja na wanyama wa porini.

Wazee hawakuwa na hadubini, lakini walijua namna ya kujiepusha. Walijua mapori yasiyopitishwa ng'ombe, walichoma nyasi kwa majira yake, na walilima kwa kukaribiana hata vichaka vikakosa nafasi. Mizani hiyo ilivunjika katika miaka ya 1890. Sotoka iliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki; ndui, njaa na vita vya ukoloni vikafuata; malisho yakageuka vichaka, na mbung'o akarithi nchi ya wachungaji. Huko Uganda waganga wa misheni ya Mengo waliwaona wagonjwa wao wa kwanza wa malale mwaka 1901. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Kati ya mwaka 1900 na 1920 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika sehemu za kusini za nchi hiyo, yaani Busoga, ufuko wa Buganda, na visiwani.

Mwaka 1906 alifika huko mganga mashuhuri kuliko karibu wote wa wakati wake. Robert Koch, Mjerumani, alikuwa amepita umri wa miaka 60. Mwaka 1882 alikuwa ametangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Nchi yetu hakuwa mgeni nayo: alikwisha kuchunguza malaria Dar es Salaam, na katika mwaka huo wa 1905 alikuwa tena kwetu akitafiti mbung'o na papasi. Safari hii aliongoza msafara uliotumwa na serikali ya Ujerumani. Kwa kuwa upande wa Wajerumani wagonjwa hawakuwa wengi, aliomba ruhusa kwa Waingereza akavuka mpaka visiwa vya Sese, upande wa Uganda, ambako vijiji vizima vilikuwa vinakwisha. Akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala. Tusimdharau mtu huyu. Angaliweza kukaa Berlin akafaidi sifa zake. Badala yake alikaa kisiwani muda uliozidi mwaka mmoja, katikati ya mbung'o na watu wanaokufa.

Dawa aliyoijaribu iliitwa Atoxyl. Ilitengenezwa kwa aseniki, sumu iliyojulikana tangu kale, ijapokuwa jina lake lilibuniwa kuonyesha kwamba haina sumu. (Majina ya dawa, kama majina ya watoto, aghalabu huwa ni dua zaidi ya kuwa ni habari.) Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kuwa yaweza kuua vijidudu vya jamii hiyo katika wanyama. Koch alipiga sindano ya nusu gramu siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya siku kadha. Matokeo ya kwanza yalishangaza. Tezi zilinywea, vijidudu vikatoweka katika damu, na watu waliobebwa wakasimama. Habari zikaenea ziwani, na wagonjwa wakaja kwa mitumbwi kwa mamia. Koch akaandika kwao kwamba dawa hii kwa malale ni kama kwinini kwa malaria.

Baada ya miezi vijidudu vikaonekana tena katika damu ya wale waliodhaniwa wamepona. Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ni kukiri kwamba dawa haiponyi bali huahirisha. Ya pili ni kuongeza kipimo. Koch alishika ya pili, akapandisha sindano mpaka gramu nzima. Wagonjwa wakashikwa na kichefuchefu, matumbo yakawasokota, wakapata kizunguzungu, na wengi wakaacha kuja. Halafu baadhi yao macho yakaanza kufifia. Watu 22 walipofuka, na upofu huo haukuondoka, kwa kuwa aseniki ilikuwa imekula mishipa inayopeleka nuru kutoka jicho hadi ubongo. Koch akakirudisha kipimo mahali pake pa kwanza. Haki yake tumpe: idadi hiyo ya vipofu aliitaja mwenyewe katika taarifa zake, wala hakuificha.

Watu wawili na ishirini kati ya wengi waliotibiwa! Yuko atakayesema kwamba hesabu hiyo ni ndogo, hasa kwa ugonjwa uliokuwa ukimaliza visiwa. Hatubishani naye juu ya hesabu. Tunalouliza ni habari ya wale waliotoroka.

Kila aliyewahi kushika daftari la ofisi anajua kwamba safu za daftari zina tabia ya kufikiri kwa niaba ya anayeandika. Panapokuwa na safu ya waliotoroka, mtu akikosekana huandikwa humo, na jambo likaisha. Anayesoma baadaye huona ukaidi, au ujinga, au hofu ya watu wasiojua tiba. Lakini mgonjwa aliyeacha sindano ya gramu nzima kwa kuwa tumbo linamsokota na kichwa kinamzunguka alikuwa ametoa taarifa. Alikuwa anasema kwa miguu yake kwamba dawa hii inaumiza, na alisema hayo kabla jicho la kwanza halijazimika. Taarifa hiyo ilikuwa ya kweli, ilikuja kwa wakati, na haikugharimu chochote. Iliyokosekana ni safu ya kuiandika.

Tuna haki kuuliza kama Koch alikuwa na sababu ya kujihadhari zaidi. Alikuwa nayo. Mwaka 1890 alitangaza huko Berlin dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini, akaificha siri ya namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika kutoka pande zote za Ulaya. Haikuwaponya, na baadhi yao walikufa. Tena katika nchi yake jambo la idhini ya mgonjwa lilikuwa limekwisha kuzungumzwa waziwazi. Profesa mmoja wa Breslau, Albert Neisser, aliwatia wanawake wasio na habari maji ya damu yaliyotoka kwa wagonjwa wa kaswende. Likazuka fadhaa kubwa, akatozwa faini. Tarehe 29 Desemba, 1900, waziri wa Prussia aliwaagiza wakuu wa hospitali kwamba mtu asifanyiwe majaribio yasiyo ya tiba ila akubali kwa hakika, baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kumpata. Agizo hilo halikugusa dawa inayotolewa kwa kuponya. Wala halikuvuka bahari. Koch hakuvunja sheria yoyote kule Sese, na hili ndilo linaloifanya habari hii iwafae wanafunzi wetu kuliko habari za wavunja sheria. Sheria ilikuwa imefika mwisho wake. Kilichobaki ni dhamana ya mtu mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililofichika zaidi. Ilipodhihirika kwamba Atoxyl haiponyi kabisa, waganga hawakuitupa. Walipata hoja mpya: maadam dawa huondoa vijidudu katika damu kwa muda, basi mbung'o amwumaye mgonjwa katika muda huo hapati kitu cha kumpelekea mwingine. Kwa hoja hiyo sindano ilikuwa na faida hata kama mgonjwa mwenyewe atakufa. Si hoja ya kipumbavu, na mwalimu wa sayansi ataona jinsi ilivyo na mantiki. Lakini ibadilishapo lengo la dawa, hubadilisha pia mapatano. Mgonjwa alitoa mkono wake akidhani anatibiwa yeye. Hakuambiwa kwamba sasa yeye ni chombo kinachosafishwa ili wengine wasidhurike. Pengine angalikubali, watu wetu wamezoea kujitolea kwa ajili ya jirani. Hakuulizwa.

Katika upande wa Wajerumani, yaani nchi yetu ya leo, Koch alipendekeza wagonjwa wakusanywe kambini. Kambi zikaanzishwa, miongoni mwao ile ya Kigarama katika Kiziba, Bukoba, na ile ya Shirati. Vijana wenyeji walifundishwa kupapasa shingo za watu vijijini ili kutafuta tezi zilizovimba. Katika Kiziba Mukama Mutahangarwa alishirikiana na waganga, na watu wengi mwanzoni walikuja kwa hiari yao, jambo linalowasuta wale wanaosema kwamba wazee wetu walikataa kila kipya. Walikuja, wakaona, wakapima. Sindano zilipozidi kuuma na ndugu zao walipozidi kufa kambini, wakaacha kuja. Nasi tusisahau kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1906 na 1907, serikali iliyomtuma mganga kaskazini ilikuwa ikichoma ghala za nafaka kusini ili kuvimaliza vita vya Maji Maji kwa njaa. Mtu wa Bukoba huenda hakujua habari za Ungoni, lakini serikali ilikuwa moja.

Kosa la kipimo halikufia Sese. Katika Kameruni, chini ya Wafaransa, mganga aitwaye Eugène Jamot aliongoza tangu mwaka 1926 kikosi kikubwa kilichopita kijiji kwa kijiji kuchunguza damu. Alikuwa mtu wa bidii ya ajabu, na kazi yake iliokoa wengi. Dawa mpya ya aseniki, triparsamidi, ilikuwa na nguvu kuliko Atoxyl, na hatari yake kwa macho ilijulikana. Katika kituo cha Bafia mganga kijana aliyekuwa chini yake, kwa shauku ya kuponya upesi, alizidisha kipimo kupita kile kilichoamriwa. Watu wapata 700 walipofuka. Mwaka 1931 Jamot alishushwa melini Dakar akiwa kizuizini, ijapokuwa si yeye aliyezidisha dawa. Wapo waliomwona kuwa amedhulumiwa, na kwa sehemu tunakubali. Hata hivyo mkuu wa kazi aliyejenga kikosi cha kupiga sindano maelfu kwa maelfu alipaswa kujenga pia njia ya kilio cha kijijini kumfikia yeye kabla vipofu hawajafika 700. Tofauti ya 22 na 700 si ya ukatili. Ni tofauti ya mganga mmoja anayetazama kambi yake mwenyewe na utawala mkubwa unaosoma jumla za hesabu.

Waganga wetu wa mizizi walikuwa na desturi ambayo tungependa vijana waifahamu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mganga alipewa malipo madogo ya kuanzia kazi, na yaliyobaki yakamngoja mpaka mgonjwa apone. Tusiwapambe kupita kiasi. Wako walioua kwa mizizi wasiyoijua, na wako waliowasingizia majirani uchawi pale dawa ilipowashinda. Lakini desturi ile ilimlazimisha mganga kurudi. Alikuwa akijua nyumba ya mgonjwa, akipita asubuhi kuuliza amelalaje, na kijiji kizima kilikuwa hakimu wake. Koch aliondoka Sese mwaka 1907 akapokelewa kwao kwa heshima na nishani. Vipofu 22 walibaki kisiwani.

Hawakubaki kwa muda mrefu, na hapa twaingia katika uamuzi wa pili, ambao kwa maoni yetu ulikuwa na matokeo makubwa kuliko sindano. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, alipoona kwamba dawa haitoshi, aliamua kuwaondoa watu mbele ya mbung'o. Kwanza watu wa ufukoni walihamishwa maili mbili kutoka majini; kisha, mwaka 1909, wakahamishwa watu wa Sese. Uamuzi huo ulikuwa na hoja, na machifu wakuu wa Buganda waliuunga mkono. Vifo vilipungua. Kama tungehesabu makaburi peke yake, tungemshukuru Bell na kufunga kitabu.

Lakini watu wa Sese hawakuwa watu wa kuhamishwa kama magunia. Walikuwa mafundi wa mitumbwi mirefu iliyoshonwa kwa kamba, yenye pembe ndefu mbele, ambayo ndiyo iliyokuwa merikebu za Kabaka. Katika kisiwa cha Bubembe palikuwa na hekalu kuu la Mukasa, mungu wa ziwa, ambapo wafalme walipeleka sadaka. Fundi wa mtumbwi akiwekwa bara, mbali na maji, ufundi wake huzeeka pamoja naye. Watu waliporuhusiwa kurudi, mnamo mwaka 1920, walikuta msitu umemeza mashamba, na wengi miongoni mwa waliokumbuka kazi za zamani walikuwa wamekwisha kufa ugenini. Hasara hiyo haikuonekana katika hesabu ya malale, kwa sababu hakuna aliyefariki kwayo.

Waingereza walipotawala Tanganyika walikuta namna kali ya malale. Mwaka 1922 ilijulikana katika Maswa. Nao wakafuata njia ya kuhamisha: katika miaka ya 1920, 1930 na 1940 watu walitolewa katika mapori na kukusanywa katika makazi makubwa, huko Kibondo, Kahama, Geita na kwingineko. Wako waliookoka kwa ajili ya hayo, na hatupendi kulifuta jambo hilo. Lakini pori lililoachwa halikai tupu. Mahali palipokuwa na mihogo hurudi miti. Katika miti hurudi nguruwe-mwitu, pongo na nyati. Na nyuma yao huja mbung'o. Uwanja wa mbung'o ulipanuliwa na amri zile zile zilizokusudia kumkimbia. Katika wilaya ya Liwale, ambayo Maji Maji na njaa yake vilikwisha kuipunguzia watu, wakulima wa Kingindo walihamishwa katika miaka ya 1940, malale ikiwa ni moja ya sababu zilizotajwa, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Watalii waliokuja baadaye waliambiwa kwamba hii ni nyika ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Miembe ya mahame ingaliweza kuwajibu.

Helge Kjekshus, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyaeleza mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, na kabla yake John Ford mwaka 1971: kwamba wakazi wa Afrika walikuwa wameutawala mbung'o kwa kilimo na mifugo yao, na kwamba ukoloni ulivunja utawala huo kabla haujauelewa. Wako wanahistoria waliowasahihisha katika mambo kadha, hasa Kjekshus, ambaye alionekana kuipamba mno hali ya kabla ya ukoloni. Msingi wa hoja yao umesimama.

Hata hivyo palikuwa na mtaalamu aliyeuliza. Charles Swynnerton, kabla ya kuongoza vita vya mbung'o Tanganyika, alikaa katika mipaka ya Msumbiji akasikiliza wazee wakieleza jinsi mfalme Umzila alivyowakusanya watu wake, wakafyeka na kuchoma mpaka mbung'o akatoweka. Aliyachapisha mafunzo hayo mwaka 1921. Alipofika Shinyanga alishirikiana na machifu wa Kisukuma, na watu kwa maelfu wakatoka na mashoka kufyeka vichaka. Kazi ilifanywa kwa mwito, katika majira yasiyo ya kilimo, na nchi iliyofyekwa ilirudiwa na wakulima na ng'ombe. Hapa twaona utaalamu ulioegemea maarifa ya wenyeji, na ulifaulu: mbung'o alirudi nyuma.

Ungedhani basi kwamba habari inaishia hapo vizuri. Haikuishia. Kufyeka kuliendelea baada ya Swynnerton, aliyekufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Likafuata shamba la pamba, likafuata ongezeko la ng'ombe na watu. Miti iliyokatwa kwa sababu ya mbung'o haikupata nafasi ya kurudi. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa uwanja mtupu, vumbi wakati wa kiangazi na makorongo wakati wa masika, na akina mama wakienda mwendo mrefu kutafuta kuni. Hao waliofyeka katika miaka ya 1920 hawakukosea kwa kipimo cha siku zao. Kosa, kama ni kosa, liko katika kutokuwepo mtu aliyepewa kazi ya kurudi kila baada ya miaka kadha kuuliza kama dawa bado inahitajika kwa kipimo kile.

Katika dawa zenyewe, kwa bahati, mambo yamekwenda mbele. Aseniki haikuachwa upesi: melasoproli, iliyoingia mwaka 1949, ilitumika kwa miongo mingi kwa wagonjwa ambao ubongo wao umeshashikwa, na iliua wapata 5 katika kila 100 waliotibiwa. Waganga wa Uganda, Kongo na Tanzania walioipiga walijua hesabu hiyo, na sisi tunawaheshimu wale waliomweleza mgonjwa na ndugu zake kabla ya kuchukua sindano, kwa maana si neno jepesi kulitamka. Sasa kuna vidonge viitwavyo feksinidazoli, vilivyoidhinishwa mwaka 2018 kwa malale ya magharibi, na mwaka 2023 kwa ile ya mashariki baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoripotiwa katika Afrika nzima kwa mwaka hawafiki 1,000. Sindano ya gramu nzima imekuwa historia.

Shinyanga dawa ya ardhi ilichukua muda zaidi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofupishwa HASHI. Wataalamu wake walianza kwa kugawa miche ya miti ya kigeni, ambayo wananchi hawakuipokea kwa shauku. Ndipo walipogeukia jambo ambalo kila Msukuma mzee alilijua: ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, ng'ombe wasiingie, ili nyasi na miti vikue na kuwekwa akiba ya kiangazi. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mbegu nyingi hazikuhitaji kupandwa; mizizi ilikuwa bado hai chini ya ardhi, ikingojea ng'ombe wazuiwe. Ndege walirudi, na kuni zikapatikana karibu na nyumba. Sheria za ngitili hazikuandikwa wizarani. Hupangwa na dagashida, baraza la wanakijiji, ambalo hukaa chini ya mti na kusikiliza kila mwenye malalamiko. Na mtu anayeingiza ng'ombe wake kabla ya wakati hutozwa faini hapo hapo, mbele ya majirani zake.